Kicheko cha Jumamosi

Msusi aliisikia hadithi yake mwenyewe Jumatatu asubuhi, ikitoka kinywani mwa mteja, na nusura amchane mtu sikio kwa kitana.

Mteja huyo alikuwa muuza viatu wa duka la kona, mwanamke mwenye shingo ndefu na kicheko cha karibu, aliyekuja kusukwa mistari midogo midogo. Kazi ya namna hiyo hula nusu siku, na nusu siku ni ndefu kwa mtu asiyejua kunyamaza. Basi akaanza.

"Dada, Jumamosi nimecheka mpaka machozi. Kuna mtu pale baa tunamwita Redio. Jamani, yule mtu!"

Na hapo akasimulia habari za mama mmoja aliyekalishwa chini ya draya saluni, akapitiwa na usingizi. Draya ikawa inanguruma kupita kiasi. Wakaizima, ngurumo ikaendelea. Wakachomoa waya ukutani, ngurumo ile ile. Wakazima umeme wa nyumba nzima, na draya bado inanguruma tu. Kumbe anayenguruma ni mama mwenyewe, anakoroma.

Vidole vya msusi vilisimama. Mambo hayo yalitokea hapa hapa, chini ya draya iliyokuwa nyuma ya migongo yao, mchana mmoja wa mvua ambapo saluni haikuwa na mtu ila yeye na yule mama. Aliyechomoa waya ni yeye. Tena hakumsimulia kiumbe yeyote, maana mteja hutunziwa heshima yake. Alimsimulia mumewe tu, mezani, wakila. Na mumewe, fundi friji, alimjibu kama anavyomjibu siku zote. Alisema, "Mh."

"Halafu?" msusi aliuliza.

"Halafu wanamwita fundi, na fundi si ndiye Redio mwenyewe! Anapanda kigoda na bisibisi yake, anafungua skrubu ya kwanza. Yule mama anafumbua jicho moja, anamwambia, 'Afadhali umekuja, fundi. Hii draya ina kelele, mtu hawezi kulala!'"

Muuza viatu alicheka hadi kichwa kikamtoka msusi mikononi. Msusi naye alicheka, kicheko cha kuazima, ili asionekane kituko. Ukweli ni kwamba yule mama alipoamka aliomba maji ya kunywa, basi, hakusema lolote la maana. Mwisho wa Redio ulikuwa mtamu kuliko ukweli, na hilo lilimchoma msusi hasa, kwa sababu hata yeye angependa kuwa ameutunga.

"Huyo Redio wenu," alisema, akivuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko kazi ilivyotaka, "ni mtu wa namna gani?"

"Aa, wa kawaida tu. Mrefu, ana kovu hapa kwenye kidole gumba. Ila akicheka, dada! Anatupa kichwa nyuma, mkono kifuani, mpaka unamwonea huruma. Polepole basi, unaning'oa!"

Msusi aliomba radhi. Kovu hilo alilijua, ndiye aliyelifunga kitambaa siku lilipokuwa bado jeraha. Kicheko nacho alikijua, ila alidhani kimekufa.

Maana, tuseme ukweli, mwanamke huyu aliolewa kwa ajili ya kicheko. Zamani hizo fundi alikuja kutengeneza friji nyumbani kwa shangazi yake, naye akaachwa amwangalie asije akaondoka na kitu. Akamsimulia habari za jirani aliyemfukuza mwizi huku amevaa kiatu kimoja cha mumewe na kimoja cha wifi yake. Fundi alitupa kichwa nyuma, akaweka mkono kifuani, bisibisi ikamponyoka ikaingia nyuma ya friji, na ikabidi waisogeze friji wawili. Kabla bisibisi haijapatikana, msusi alikuwa amekwisha kuamua. Alitaka kumchekesha mtu huyu maisha yake yote.

Lakini ndoa ikakaa, watoto wakaja, wakakua, wakaenda zao shule za mbali, na kicheko kikapungua hadi kikabaki hiyo "Mh." Msusi hakukata tamaa. Kila jioni alileta kitu kutoka saluni: leo bibi harusi aliyekosea siku, kesho mawifi wawili waliokuja kutaka mtindo mmoja wakakataa kukaa viti vya jirani. Alisimulia kwa mikono, kwa sauti za watu, kwa macho. Fundi alitafuna, akainua macho kidogo, akasema "Mh," akaomba aongezewe mchuzi. Jumamosi alasiri alikuwa na mazoea ya kwenda baa ya mtaa wa nyuma, kuangalia friji yao kuukuu na kula hapo hapo. Mkewe hakuwahi kuona ubaya. Aliwaza kwamba anakaa pembeni na bia yake kama gogo, na hata aliwahurumia wanaoketi naye.

Sasa wiki nzima roho ilimuuma. Kama ingekuwa mwanamke mwingine, angejua pa kuanzia. Angekagua kola, angenusa shati, angenuna, angefunga safari kwa shangazi. Lakini utamshtaki mume kwa kosa gani? Kwamba anacheka? Usiku alimtazama amelala, mdomo umefumbwa, akawaza mdomo huo ukiwa wazi mbele ya shingo ndefu ya muuza viatu, ukimwaga vitu alivyouletea yeye mezani bure. Alitamani kuutikisa uamke. Alimwonea wivu muuza viatu, akaionea wivu meza, akavionea wivu viti. Na kwa namna ambayo hakutaka kuikubali, alimwonea wivu mumewe pia, kwa kuwa hadithi zilikuwa zake na makofi anapigiwa mwingine.

Ijumaa jioni akatega mtego. Alipakua chakula, akaketi, akaanza kwa sauti ya kila siku.

"Nina mteja mmoja, maskini. Mume wake hacheki. Amsimulie nini, amwigizie nani, mume anasema 'Mh' tu. Miaka na miaka. Sasa juzi huyo mwanamke ameshindwa kuvumilia. Kaniambia kwamba safari hii ameamua..."

Hapo akanyamaza, akajipigapiga mgongo, akasema amechoka, atamalizia siku nyingine. Akamtazama. Kijiko cha fundi kilikuwa kimesimama katikati ya sahani na mdomo. Kilisimama hapo muda mfupi, kisha kikaendelea na safari.

"Mh," alisema fundi.

Msusi aliosha vyombo kwa kelele.

Jumamosi alifunga saluni mapema. Alijifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akashika njia ya mtaa wa nyuma. Jua lilikuwa bado liko juu. Alipita mbele ya kinyozi, mbele ya duka la vipuri na mbele ya dobi, na moyo ulimwenda mbio kama binti anayetoroka nyumbani, mwanamke mzima mwenye saluni yake.

Baa ilikuwa chumba kirefu chenye meza za mbao zilizojaa alama za glasi, feni moja iliyozunguka kwa kujivutavuta, na dirisha dogo la jikoni lililotoa mvuke na harufu ya vitunguu. Friji kubwa ya mlango wa kioo ilisimama katikati ya ukuta, na nyuma ya ubavu wake kulikuwa na kimeza cha mtu mmoja ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya joto la mashine. Msusi alikaa hapo, mgongo ukutani. Akaagiza kuku wa kukaanga na viazi, na soda ya tangawizi. Alitumaini chakula kitakuwa kibaya. Kuku akaja amekauka vizuri nje, laini ndani, na limau pembeni, na msusi alimla kwa hasira hadi mfupa.

Kutoka kwenye upenyo kati ya friji na ukuta aliiona meza kubwa. Kiti kimoja kilikuwa na mto, nacho hakikukaliwa na mtu ingawa wengine walikuwa wamesimama. Mumewe alipoingia, na shati lake lile lile alilompigia pasi asubuhi, watu waliita "Redio! Redio!" kama wanashangilia goli, na akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mto. Mhudumu alimwekea kuku, viazi, na kibakuli cha pilipili ambacho hakukiagiza. Fundi akamwaga pilipili sahani nzima, akala huku akifuta jasho kwa raha.

Pilipili! Msusi alishika ukingo wa meza. Tangu waoane alikuwa akimpikia chakula kisicho na pilipili, kwa kuwa siku ya kwanza kabisa fundi alikohoa, na yeye akajua kwamba haipendi. Kumbe watu wa baa wanajua kipi kinamfurahisha, na yeye wa nyumbani anasoma gazeti la jana.

Muuza viatu alikuwepo, kichwani mistari aliyosukwa na mikono ya msusi mwenyewe, imempendeza kupita maelezo. Aliketi mkono wa kushoto wa fundi.

"Haya, Redio, washa mitambo," alisema mwenye baa, mtu mnene mwenye taulo begani. "Wiki hii umetuletea nini?"

Fundi alifuta midomo, akasogeza sahani. Na hapo msusi akamwona mtu asiyemjua. Mabega yalishuka, mikono ikafunguka, macho yakazunguka meza na kumgusa kila mmoja. "Kuna mwanamke mmoja," alianza, "ana mume hacheki, na sasa ameshindwa kuvumilia."

Akawatengenezea huyo mume. Alimpa kitambi, akampa miwani inayoteleza, akampa namna ya kutafuna. Akamwigiza mke akisimulia kwa mikono miwili, na kila akimaliza, mume anashusha kidevu na kusema "Mh." Meza ikavunjika mbavu. Akatia chumvi: siku nyumba ya jirani inaungua, mke anapiga kelele, mume anatazama moto, anasema "Mh." Siku mke amejifungua pacha, nesi anamletea mume watoto wawili, anamtazama huyu, anamtazama huyu, "Mh, Mh." Muuza viatu alilala juu ya meza. Mwenye baa alijifunika uso kwa taulo.

Nyuma ya friji msusi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Jamani, yule mtu alijua kuchekesha. Alikuwa anamcheka huyo mume bila huruma, anamkamua, anamgeuza huku na huku, na hakuwa na habari hata chembe kwamba ni yeye. Msusi hakujua amcheke au amrushie chupa.

"Sasa," mwenye baa alisema alipopata pumzi, "kwa nini huyo bwana hacheki? Ana shida gani?"

"Labda meno yote..." fundi alianza, mkono tayari hewani. Kisha mkono ukabaki hewani. Msusi aliona lilivyomfika. Lilimwanzia machoni, likashuka mdomoni, na mdomo ukafumba ukawa ule wa nyumbani. Meza ilingoja. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakaanza kucheka kidogo kidogo.

"Si kwamba hacheki," fundi alisema taratibu, na sauti yake haikuwa ya Redio tena. "Anajizuia. Mkewe akisimulia, yeye ndani anakufa kwa kicheko, anauma shavu asicheke. Anajua akicheka pale, basi, imekwisha. Bia ukiifungua nyumbani, ukija kuimimina huku haina povu. Sasa yeye anaileta ikiwa imezibwa."

"Na mke anabaki na nini?" aliuliza muuza viatu.

Fundi alitazama pilipili yake. "Hilo hajalifikiria," alisema.

"Haya, na mke aliamua nini?" mwenye baa alidakia. "Ulisema ameshindwa kuvumilia."

"Mwisho sikuupata."

Meza ikaguna kwa pamoja. Redio hakuwahi kukosa mwisho. Hapo msusi alisimama, akafungua kitambaa kichwani, akatoka nyuma ya friji na glasi yake ya soda mkononi.

"Mke ameamua kuja kuagiza kuku," alisema. "Na kuku ni mtamu."

Kisha muuza viatu akamtazama msusi, akamtazama Redio, akaweka mikono kichwani kwenye mistari yake mipya, na akapiga yowe. "Dada! Kumbe wewe ndiye!" Baa nzima ikalipuka. Mwenye baa aligonga meza hadi uma ukaruka. Mhudumu alitoka jikoni kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akarudi ndani akicheka peke yake.

Na fundi? Fundi alikuwa amekodoa macho kama mwizi aliyewashiwa taa. Midomo ikamtetemeka. Akauma shavu, msusi alimwona akiuma shavu, na shavu halikutosha. Kichwa kikaenda nyuma, mkono ukaja kifuani, na kicheko kile kikatoka, kile kile cha nyuma ya friji ya shangazi, ila sasa kilikuwa kizito kidogo na kilikuwa na kikohozi cha pilipili ndani yake.

Msusi alisimama akakisikiliza. Alikuwa amekipata, hatimaye, mbele ya macho yake. Lakini aliona pia muuza viatu akimgonga fundi begani, na mwenye baa akimfuta machozi kwa taulo lake, na kila mtu akijichotea. Kilikuwa kama chakula kizuri walichoalikiwa watu wengi. Alifurahi, na bado kijicho hakikumtoka.

"Shemeji, karibu, kaa," mwenye baa alisema, akamvutia kiti. "Mto mpe shemeji, Redio, mto huo si wako tena." Wakamkalisha kati ya mumewe na muuza viatu, na msusi alikaa kwa upana, akasukuma kiti cha muuza viatu kidogo kwa nyonga. Wakamuuliza kama ile ya draya nayo ilikuwa yake.

"Yangu mpaka mama alipofumbua jicho," alisema. "Lile neno la 'mtu hawezi kulala' ni lake huyu. Mimi mama yangu aliomba maji."

Alijisikia vibaya kulisema, lakini lilikuwa la haki. Fundi alimtazama kwa pembeni, akamsogezea kibakuli cha pilipili, kwa aibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima bila kuomba. Msusi alichovya kiazi.

"Nilikohoa mara moja tu," fundi alinong'ona. "Mchuzi ulinipalia. Baadaye niliona ukipika bila, nikadhani wewe ndiye huipendi."

"Na kicheko je, ulidhani nacho sikipendi?"

Fundi alijikuna kovu la kidole gumba.

Waliondoka jua likiwa linazama, watu wakiwaita kutoka mlangoni: "Shemeji, Jumamosi ijayo! Shemeji, usitutupe!" Hakuna aliyemwita Redio. Fundi alitembea mikono mfukoni, na msusi, ambaye anajua nyuso kama anavyojua nywele, aliona kitu kipya katika uso wa mumewe. Alikuwa amenuna. Alikuwa na wivu, bwana mkubwa. Msusi alijikaza asitabasamu.

Walipita mbele ya dobi, mbele ya duka la vipuri. Karibu na kinyozi msusi alianza kuongea, kwa sauti ya kila siku.

"Yule muuza viatu wako."

"Si wangu."

"Yule muuza viatu wako, siku ya kwanza alipokuja kwangu, alikuwa amefunga kilemba kikubwa, hataki kukifungua. Nikamwambia, dada, nitakusukaje na kilemba? Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akaniapisha. Kisha akafungua, na pale juu ya kichwa, hapa katikati, alikuwa na..."

Akanyamaza. Akatafuta funguo za nyumba ndani ya mkoba, ingawa nyumba ilikuwa bado mbali.

Hatua za fundi zilipungua. Alimeza mate. Alijitahidi, msusi alimsikia anavyojitahidi, kisha akashindwa.

"Alikuwa na nini?" aliuliza. "Mke wangu. Alikuwa na nini?"

Msusi aliendelea kutembea mbele, kitambaa begani, akiuma shavu.

"Mh," alisema.